Fuwele na Kibandiko Chake: Tanzanaiti Isiyokatwa katika Mikusanyo Binafsi, 1967–2020

1.0 Utangulizi

Tanzanaiti inafahamika zaidi kama kito, yaani jiwe dogo lililokatwa, likang'arishwa na kufungwa katika pete au kidani. Katika umbo hilo imeandikwa sana, hususan pale panapojadiliwa bei, kodi na utoroshaji. Umbo lake la pili limepata nafasi ndogo katika maandishi. Hilo ni umbo la fuwele nzima, jinsi ilivyotoka ardhini, yenye mapande yake ya asili na mistari myembamba inayopanda kwa urefu wake, rangi yake ikiwa ya buluu upande mmoja na ya zambarau upande mwingine. Fuwele ya namna hiyo haivaliwi. Huwekwa katika kabati la kioo nyumbani kwa mkusanyaji, mara nyingi Marekani au Ulaya, na kando yake huwekwa kipande kidogo cha karatasi kilichoandikwa jina la madini, mahali yalikochimbwa, vipimo, na pengine majina ya wakusanyaji walioimiliki kabla.

Insha hii inaichunguza fuwele hiyo pamoja na karatasi yake. Hoja inayojengwa ni kwamba fuwele ya buluu iliyomo katika mkusanyo binafsi ni hati ya kihistoria, na kama ilivyo kwa hati nyingine yoyote, thamani yake kwa mwanahistoria hutegemea kumbukumbu zinazofuatana nayo. Kumbukumbu hizo, kwa upande wa tanzanaiti, zimehifadhi kwa uangalifu majina ya walionunua, na zimeyaacha majina ya waliochimba. Upungufu huo haukuanza jana, wala haukuletwa na bahati mbaya.

2.0 Jina lililotoka katika kabati la mtu

Kwa lugha ya wanajiolojia, tanzanaiti ni zoisaiti ya buluu. Zoisaiti yenyewe ilijulikana zaidi ya miaka 160 kabla ya Mererani kusikika duniani, na historia ya jina lake inaanzia katika mkusanyo binafsi. Sigmund Zois, aliyezaliwa mwaka 1747, alikuwa tajiri na mwenye viwanda aliyeishi Ljubljana, mji ambao leo ni makao makuu ya Slovenia. Aliwafadhili waandishi na wanasarufi wa lugha ya Kislovenia, na pamoja na hayo alikusanya madini. Ugonjwa wa jongo ulimfunga kwenye kiti cha magurudumu kwa miaka mingi ya utu uzima wake, kwa hiyo milima ilimbidi imfuate nyumbani: wachuuzi wa mawe walimletea vielelezo, naye akavichunguza na kuwaandikia wataalamu. Mmoja wa wachuuzi hao, Simon Prešern, ndiye aliyemfikishia jiwe lisilofahamika kutoka safu ya Saualpe, katika Austria ya leo. Mwaka 1805 Abraham Gottlob Werner, mwalimu mashuhuri wa elimu ya madini huko Freiberg, aliyaita madini hayo kwa jina la Zois.

Mambo mawili yanafaa kuangaliwa hapa. Kwanza, Zois hakulichimba jiwe hilo wala hakuliokota. Alilinunua, akatambua kwamba ni kitu kipya, akawa na nafasi ya kuandikiana na watu ambao neno lao lilisikilizwa. Jina lilikwenda kwake. Pili, na jambo hili ni la haki kulisema, mkusanyo wake haukutawanyika. Zois alifariki mwaka 1819, makumbusho ya Ljubljana yakaanzishwa mwaka 1821, na mawe yake yamehifadhiwa huko hadi leo. Kwa kuwa alitunza maandishi yake, jina la mchuuzi Prešern nalo limesalia. Mkusanyo binafsi unaweza basi kuwa ghala la kumbukumbu za umma, endapo mwenye kuumiliki ataandika.

3.0 Mwaka 1967 na wagunduzi watatu

Milima ya Mererani iko kusini mwa uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, katika nyika ambayo kwa wakazi wake Wamaasai ilikuwa malisho. Miamba yake ni ya kale mno. Ni sehemu ya ukanda uitwao Ukanda wa Msumbiji, na fuwele za tanzanaiti zilijijenga humo miaka ipatayo milioni 585 iliyopita, ndani ya miamba yenye kinywe, joto na mgandamizo vilipoibadilisha ardhi. Vanadiamu iliyomo katika fuwele ndiyo inayoipa rangi. Hilo halina ubishi. Ubishi umo katika swali la nani aliyeiona kwanza.

Simulizi iliyoenea katika vitabu vya vito humtaja Manuel de Souza, fundi cherehani mwenye asili ya Goa, aliyekuwa akitafuta madini katika nafasi zake za mapumziko na ambaye Julai 1967 alisajili maeneo ya uchimbaji Mererani. Simulizi nyingine humtaja Ali Juuyawatu, Mmaasai, kuwa ndiye aliyeliona jiwe na kumjulisha De Souza. Simulizi ya tatu ni ya Jumanne Ngoma, ambaye kwa maelezo yake aliokota mawe hayo Januari 1967, miezi kadhaa kabla ya usajili wa De Souza, na kuyapeleka kwa wataalamu wa serikali ili yapimwe.

Jinsi simulizi hizi tatu zilivyohifadhiwa ni somo kwa mtafiti. Ya De Souza ilihifadhiwa na karatasi ya usajili na barua za kibiashara. Ya Juuyawatu ilibaki kama sentensi moja ndani ya simulizi ya mtu mwingine. Ya Ngoma ilibebwa na Ngoma mwenyewe kwa nusu karne. De Souza alikufa katika ajali ya gari mwaka 1969, kabla ya kuona jiwe lake linakwenda wapi. Ngoma aliishi hadi 2019. Mwaka mmoja kabla ya kifo chake, Aprili 2018, Rais John Magufuli alimtambua hadharani kuwa mgunduzi na kumpa shilingi milioni 100. Tunu hiyo ilimfikia akiwa mzee na mgonjwa, baada ya kizazi kizima cha wanunuzi kusoma jina la mwingine. Kusema kwamba serikali ilimaliza ubishi kwa tangazo hilo ni kupita kiasi, lakini tangazo lilifanya jambo ambalo karatasi za wakusanyaji hazikuwahi kulifanya, kwani lilitaja jina la Mtanzania pale ambapo jiwe lilianzia.

Vielelezo vya kwanza vilipita mikononi mwa watu wengi upesi. Vilitambuliwa kuwa zoisaiti na wataalamu wa Dodoma na wa nchi za nje. John Saul, mwanajiolojia na mfanyabiashara wa vito aliyekuwa Nairobi, alimpelekea baba yake huko New York. Duka la Tiffany lilivutiwa, na Oktoba 1968 likaliingiza jiwe hilo sokoni kwa jina jipya. Inasimuliwa kwamba jina la asili lilikataliwa kwa sababu masikioni mwa Waingereza na Wamarekani lilikaribiana mno na neno la kujiua. Liwe kweli au liwe utani wa wauzaji, nchi iliyokuwa na umri wa miaka minne tangu muungano wake ilipata jiwe lenye jina lake, na jina hilo lilichaguliwa dukani, ng'ambo.

4.0 Moto

Kisa cha moto hakina budi kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ndicho kinachoitenga fuwele ya mkusanyaji na kito cha sonara.

Tanzanaiti nyingi hazitoki ardhini zikiwa za buluu. Hutoka na rangi ya kahawia, yenye wekundu au umanjano ndani yake. Ipo hekaya kwamba radi iliunguza majani ya nyika, na wachungaji walipopita baadaye wakakuta mawe ya kahawia yamegeuka buluu. Hekaya hiyo ina mashaka mengi, ila imebeba ukweli mmoja wa kimaabara: joto la nyuzi mia sita hivi za Selsiasi huiondoa rangi ya manjano na kahawia, ikabaki buluu na zambarau. Mererani na Arusha kazi hiyo huitwa kuchoma mawe, na karibu kila kito cha tanzanaiti kinachouzwa duniani kimepita motoni. Si udanganyifu. Wauzaji waaminifu hulisema waziwazi, na rangi inayopatikana haififii.

Kwa mkusanyaji, hata hivyo, moto hufuta maandishi. Fuwele ya zoisaiti ina tabia ya kuonyesha rangi tofauti kulingana na upande inapotazamwa. Ile ambayo haijachomwa huonyesha rangi tatu: buluu, zambarau, na ya tatu ambayo huwa kahawia, manjano au kijani. Baada ya kuchomwa, rangi ya tatu hupotea na kubaki mbili zinazoshabihiana. Kwa hiyo fuwele inayoonyesha ukijani au umanjano katika upande wake mmoja inatoa ushahidi kwamba haijaguswa na tanuri. Kinyume chake hakithibitishi kitu kwa uhakika, maana zipo chache ambazo joto la ardhi lenyewe liliziandaa kuwa za buluu tangu mwanzo. Hizi chache ndizo hasa zinazotafutwa kwa bei kubwa. Mnunuzi wa pete hulipia rangi bila kujali ilipatikanaje. Mkusanyaji hulipia historia ya rangi hiyo.

Tofauti hii ilikuwa na matokeo shimoni. Katika miaka ya mwanzo hapakuwa na sababu ya mchimbaji kuitunza fuwele nzima. Alilipwa kwa kile kinachoweza kukatwa, na ukataji hula sehemu kubwa ya uzito wa jiwe. Baruti, nyundo na haraka vilivunja ncha za fuwele, na fuwele isiyo na ncha haina nafasi katika kabati la mkusanyaji makini. Kinywe kinachozizunguka fuwele, kijani cha gaineti iitwayo tsavoraiti kinachoota mara nyingine pamoja nazo, kalisaiti nyeupe, vyote vilitupwa kama takataka, ingawa mwanajiolojia angesoma humo mazingira yaliyoizaa tanzanaiti. Haiwezekani kujua ni fuwele ngapi nzuri zilizosagwa kuwa vito kati ya 1967 na miaka ya tisini. Soko la vielelezo lilipokua, mchimbaji akajifunza kwamba jiwe lisilovunjika linaweza kulipa kuliko lililokatwa. Kwa maana hiyo wakusanyaji binafsi, kwa tamaa yao wenyewe, waliokoa vitu ambavyo hakuna makumbusho yaliyokuwepo kuviokoa. Soko hilohilo lilizaa ujanja wake: mapande yaliyosuguliwa yakauzwa kama ya asili, na fuwele zikagundishwa juu ya miamba isiyo yake.

5.0 Kinachoandikwa na kisichoandikwa

Mwanahistoria anayeshika kibandiko cha fuwele ya Mererani anaweza kukisoma kama anavyosoma stempu ya barua. Vibandiko vingi vya zamani vinasema “Arusha”. Mererani ilikuwa ndani ya Mkoa wa Arusha hadi Mkoa wa Manyara ulipoundwa mwaka 2002. Leo imo katika Wilaya ya Simanjiro, mkoani Manyara. Kibandiko kinachosema Manyara, basi, hakiwezi kuwa cha kabla ya hapo, ingawa kinachosema Arusha kinaweza kuwa kimeandikwa baadaye na mtu asiyefuatilia. Tahajia nayo husaidia kidogo. Watanzania huandika Mererani au Mirerani, ilhali katika maandishi ya kigeni imeota mizizi “Merelani”, na fuwele inayobeba tahajia hiyo ya mwisho kwa kawaida imepewa karatasi yake mbali na shimo.

Mara chache kibandiko hutaja kitalu. Hilo lingekuwa na manufaa makubwa. Uchimbaji ulitaifishwa mwaka 1971, na ufuatiliaji wa serikali ulipolegea, maelfu ya wachimbaji wadogo waliingia. Katika miaka ya tisini eneo liligawanywa kuwa vitalu A, B, C na D. B na D vilikuwa vya wachimbaji wadogo. Kitalu C kilikwenda kwa kampuni kubwa, kwanza ya uchimbaji wa kinywe, kisha African Gem Resources, na baadaye TanzaniteOne. Mwaka 2005 Kitalu C kilitoa fuwele yenye uzito unaozidi kilo tatu, iliyopewa jina la Mawenzi, kilele cha pili cha Kilimanjaro. Kampuni iliandika kina, uzito na vipimo. Ukilinganisha na fuwele ya Kitalu B au D ya miaka hiyohiyo, tofauti ni ya kusikitisha: mmoja alikuwa na ofisi ya kuandika, mwingine alikuwa na dalali mlangoni.

Wachimbaji hao huitwa wana-apolo, jina linalohusishwa na vyombo vya Apollo vilivyokwenda mwezini. Wengi wao hawakuwa na mshahara. Mwenye shimo aliwalisha, wakasubiri mgao wa jiwe litakapopatikana, na lisipopatikana hawakuwa na cha kudai. Jiwe lilipotoka liliuzwa upesi, tena gizani, kutoka mkono hadi mkono. Hapo ndipo kumbukumbu ilipokatika. Dalali hakuwa na sababu ya kumtajia mnunuzi wa Arusha jina la shimo, kwa kuwa kufanya hivyo kungekuwa kumwonyesha njia ya kumruka. Mnunuzi wa Arusha naye alikuwa na sababu hiyohiyo mbele ya mnunuzi wa ng'ambo. Usiri ulikuwa mtaji. Mwaka 1998 mvua za El Niño zilifurika mashimoni na kuua wachimbaji zaidi ya mia moja, na mwaka 2008 mafuriko mengine yakaua makumi. Fuwele zilizotoka katika mashimo hayo miezi michache kabla ya maafa bila shaka zimo makabatini hadi leo. Hakuna kibandiko kinachoweza kuziunganisha na waliozitoa.

6.0 Tucson na ukuta

Kwa muda mrefu ukimya huo haukumsumbua mtu upande wa wanunuzi. Ulianza kuwasumbua mwaka 2001. Katika kesi iliyosikilizwa New York kuhusu mashambulizi ya mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam ya 1998, biashara ya tanzanaiti ilitajwa, na Novemba 2001 gazeti la Wall Street Journal liliihusisha na fedha za al-Qaeda. Tiffany na wauzaji wengine wakasimamisha mauzo. Serikali ya Marekani baadaye ilisema haikuwa na ushahidi kwamba kundi hilo lilikuwa likitumia biashara hiyo, lakini bei mashimoni ilikuwa imekwisha kuanguka, na aliyeumia ni yule yule asiyeandikwa popote. Februari 2002 wadau walikutana Tucson, Arizona, na kutia saini makubaliano ya kufuatilia njia ya jiwe kutoka mgodini.

Mahali pale palistahili. Tucson ndipo penye maonyesho makubwa ya kila mwaka ambako wakusanyaji binafsi wa dunia nzima hununua fuwele zao. Watu waliokuwa wamezoea kuuliza kama fuwele imechomwa sasa walilazimika kuuliza imepita kwa nani. Hata hivyo, makubaliano yalijengwa juu ya uaminifu wa muuzaji, na mnyororo wenye pete ya kwanza iliyokatika haushiki kitu.

Tanzania ilichagua njia nyingine. Mwaka 2010 ilizuia usafirishaji wa tanzanaiti ghafi inayozidi gramu moja, kwa lengo la kuleta kazi ya ukataji nyumbani. Kwa vito, lengo lilikuwa na mantiki. Kwa fuwele nzima lilileta ugumu, maana kuichukulia kama mali ghafi inayosubiri kukatwa ni kusema kwamba thamani yake itaanza pale itakapoharibiwa. Ndipo ukafuata ukuta. Uliagizwa Septemba 2017, ukajengwa na jeshi, na kuzinduliwa Aprili 2018 ukiwa na urefu wa kilomita 24.5. Kuna mengi ya kulalamikiwa kuhusu upekuzi wa wachimbaji langoni, na wenyewe wameyalalamikia. Kwa mtazamo wa insha hii, ukuta ulifanya jambo moja ambalo makubaliano ya Tucson hayakuweza: jiwe linalopita langoni linapimwa na kuandikwa kabla ya kukutana na mnunuzi.

7.0 Kilo 9.27

Juni 2020 Saniniu Laizer, mchimbaji mdogo wa Mererani, aliuza kwa serikali fuwele mbili, moja ya kilo 9.27 na nyingine ya kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.74. Picha yake akizishika, kila moja ikikaribia urefu wa mkono kutoka kiwikoni, ilizunguka dunia. Agosti mwaka huohuo aliuza ya tatu, yenye kilo 6.3. Mawenzi ya Kitalu C ikawa ndogo mbele ya zote tatu.

Bei ilizungumzwa kuliko kitu kingine. Lililo kubwa zaidi kwa historia ni kwamba fuwele hizi zilinunuliwa na serikali zikiwa nzima, na zilianza safari yake zikiwa na jina, tarehe, uzito na mahali. Zois alipata heshima yake kwa kununua. Laizer alijulikana kwa kuuza, naye amesimama upande wa shimo. Mwandishi wa kibandiko cha fuwele hizo, popote zitakapowekwa, hatakuwa na kisingizio cha kuandika “Merelani, Arusha” na kuishia hapo.

Lakini Laizer ni mwenye shimo. Taarifa za wakati ule zilieleza kwamba alikuwa na wafanyakazi wapatao mia mbili. Fuwele ya kilo tisa haitolewi na mtu mmoja: kuna aliyetoboa mwamba, aliyebeba kifusi, na aliyeiona kwanza kwa mwanga wa tochi, buluu ndani ya weusi wa kinywe, akawaambia wenzake waache kugonga. Kwamba ilifika juu bila kuvunjika ni kazi ya mikono yao. Majina yao hayakuingia katika taarifa zilizosomwa duniani, na kibandiko bado kina nafasi ya kuyaandika wakati wenye majina hayo wangali hai na wanaweza kuulizwa.